Faiba ya Kakuma na Migunga ya Mama Akiru

Tulimzika Injinia Mutua kwao Ukambani, na msomaji wa wasifu alipofika kwenye mwaka wetu aliupita mbio kama mtu anayekwepa mbwa wa jirani. "Marehemu pia alisimamia kazi ya kupeleka faiba Turkana," alisoma, kisha akageuza ukurasa na kuingia kwenye kwaya ya kanisa, ng'ombe wa gredi na wajukuu. Nilikuwa nimeketi chini ya hema, sahani ya pilau mapajani, nikapandwa na mori mpaka mama aliyekuwa kando yangu akaniuliza kama ni shinikizo la damu. Sentensi moja! Kwaya ilipewa nusu ukurasa, na mimi niliyemsikia akiimba naapa alikuwa anatuvumilisha tu. Njiani kurudi Nairobi nilizungumza peke yangu ndani ya gari kama kichaa. Nilikuwa nikimjibu yule msomaji, nikimweleza juu ya vumbi, mbuzi, rangi nyeupe, na asubuhi moja mwezi wa tano mwaka 2013 ambapo mtu huyo tuliyemfukia alikataa kubonyeza swichi. Hakuna mtu aliyenisikia, kwa hiyo naandika.

Nilifika Lodwar mwishoni mwa mwaka 2012, nikiwa na cheti kipya cha ufundi wa mawasiliano, sanduku la bati, na imani kwamba mimi ndiye nitakayeileta dunia Turkana. Mnisamehe, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilipanga chumba Nawoitorong, ukuta wa mawe na paa la bati, na joto lile sijaliona tena mahali pengine: ukiweka mshumaa mezani asubuhi, mchana unaukuta umelala ubavu. Tulikuwa tukilala nje kwenye mikeka, mimi na wapangaji wenzangu, mwuguzi kutoka Kisii na mwalimu kutoka Taita, tukisikiliza malori ya samaki wakavu kutoka Kalokol yakipita na harufu yake. Tulikula samaki hao hao kwa ugali Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili, baada ya ibada, tulikula mbuzi, na mazungumzo yalikuwa yale yale: kaunti zinakuja, uchaguzi unakuja, mafuta yamepatikana kule kusini, Turkana itakuwa Dubai. Mwuguzi alikuwa akisema, "Dubai bila maji ya bomba," tukacheka, lakini ukweli ni kwamba tulikuwa tunaamini. Mwaka ule hata kuku wa Lodwar walitembea kama wana miadi.

Kazi yetu ilikuwa kuchimba mtaro kutoka Lodwar hadi Kakuma na kulaza faiba ndani yake. Faiba ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, na habari hupita ndani yake kwa mwanga. Kampuni za biashara zilikuwa zimepiga hesabu zao zikaona upande huo una mbuzi wengi na wateja wachache, zikakunja ramani. Serikali ikasema italipa yenyewe. Nilifurahi sana niliposikia hivyo, na bado nafurahi, kwa sababu kuna vitu ambavyo ukingoja faida ndipo uvipeleke kwa watu, watu watazeeka wakingoja. Injinia Mutua ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Mfupi, tumbo kidogo, kofia ya majani isiyovuliwa hata ofisini, sauti ya kufokea mvua. Watu walikuwa wakisimama kando ya mtaro wanauliza, "Ni maji ama ni mafuta?" Ekal, mnyapara wetu wa vibarua, kijana wa hapo Lodwar aliyekuwa mkalimani wetu pia, alikuwa akijibu kwa Kiturkana kwamba si maji wala si mafuta, ni maneno. Wazee walikuwa wanamtazama kwa huruma, wanaondoka.

Mwezi wa kwanza Injinia alinichukua tukaenda Kakuma kukagua chumba ambacho faiba ingeishia, darasa moja ndani ya kambi ya wakimbizi lenye kompyuta zilizofunikwa kwa mashuka. Mchana tulikula katika duka la mama mmoja kutoka Sudan Kusini, tuliyemwita Mama Achol kwa jina la bintiye. Mbele aliuza sabuni, sukari na tambi. Nyuma, kwenye chumba cha mabati chenye picha ya Yesu na feni isiyozunguka, alipika kisra, chapati zile nyembamba chachu, na mchuzi wa bamia mzito. Chai yake ilikuwa na tangawizi ya kukutoa machozi. Achol ndiye aliyetuhudumia. Msichana mrefu, wa umri wangu, aliyetembea polepole akiwaza kitu kingine. Injinia alipomwambia sisi ndio watu wa faiba, aliweka birika chini na kukaa nasi bila kualikwa.

"Dada, hiyo waya yenu itafika lini?" aliniuliza mimi, si Injinia.

"Mwezi wa tano, Mungu akipenda. Kwa nini?"

Akatueleza. Chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kinafundisha ualimu wa hisabati kwa mtandao, na yeye alikuwa amekubaliwa, mradi apite mtihani wa kuingia, ambao hufanywa moja kwa moja kwenye kompyuta. Aliufanya mwaka uliotangulia, kwa dishi la setilaiti la pale kambini. "Nilikuwa nimefika swali ya katikati, dishi ikakufa. Nikangoja. Ikarudi, ikaniambia muda imeisha. Nililia, yani nililia mpaka mama akadhani kuna mtu amekufa nyumbani. Nikawaandikia. Wakanipatia mara ya pili, mwezi wa tano. Wakasema khalas, hakuna ya tatu." Nilimwuliza kwa nini asije Lodwar akaufanyia pale. Mama yake alijibu kutoka jikoni kwamba mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali, na kibali chenyewe hujui kitatoka lini. Modemu ya simu alikuwa ameijaribu. Ilichukua muda wa kupika maharagwe kufungua ukurasa mmoja.

Injinia alikuwa na kisra mdomoni. Akaimeza, akafuta mikono, akasema, "Utaufanyia kwa faiba yangu." Nilimpiga teke chini ya meza. Mtu mzima haahidi tarehe katika kazi ya kuchimba, hilo tulifundishwa chuoni wiki ya kwanza. Achol alimtazama muda mrefu, kisha akamtazama mama yake, na yule mama akaja akatuongezea mchuzi ambao hatukuwa tumeomba. Kwenye gari nilimwambia, "Injinia, umemwahidi yule msichana." Akasema, "Najua. Sasa itabidi tufike." Akaanza kuimba, na nikavumilia.

Basi tukachimba! Kikosi kimoja kilitoka Kakuma kuja kwetu, sisi tukachimba kuwaendea, na nyanda zile kavu zilienda vizuri kuliko tulivyotarajia. Nilijifunza kuunganisha faiba ndani ya hema dogo la turubai, jasho likinichuruzika mpaka kwenye viatu, nikizikutanisha ncha mbili za kioo chini ya darubini ya mashine mpaka ziyeyuke ziwe uzi mmoja. Mara ya kwanza kipimo kiliponionyesha kwamba mwanga umepita, nilitoka nje mbio nikamkumbatia Ekal, naye akashtuka, akaniambia kwao mtu hakumbatii ovyo. Kipande kilichobaki mwisho kilikuwa kile cha msitu wa mto, ng'ambo ya daraja la Turkwel, mahali ambapo migunga mikubwa imesimama kando ya maji. Injinia aliipenda miti ile. Aliwaambia mafundi wapake duara la rangi nyeupe kwenye kila mgunga mkubwa uliokaribia njia yetu, na dereva wa tingatinga akapewa amri rahisi: mti wenye rangi usiguse, usio na rangi ukikuzuia sukuma. Rangi ikapakwa Ijumaa. Ekal hakuwapo, alikuwa na kikosi cha Kakuma wiki ile. Jumatatu tingatinga likaingia kazini.

Nilisikia makelele kabla sijaona kitu. Nilipofika, wanawake walikuwa wamejaa ndani ya mtaro wetu, wameketi, shanga shingoni hadi kidevuni, na mbele yao migunga mitatu mikubwa imelala chini, mizizi juu. Dereva alikuwa amejifungia kwenye kibanda cha tingatinga, anarudia, "Haikuwa na rangi, Injinia. Nakuapia haikuwa na rangi." Na kweli haikuwa nayo. Magome yalikuwa yamekwanguliwa kwa kisu, yakasuguliwa kwa mchanga, mpaka hakuna tone jeupe lililobaki. Si ile mitatu tu. Msitu mzima, mti baada ya mti, rangi yetu ilikuwa imefutwa.

Mwanamke mmoja alisimama. Alikuwa mwembamba, kichwa kimenyolewa pande zote, na sauti yake ilinifanya nirudi nyuma hatua. Huyo ndiye Mama Akiru, mjane, na miti ile mitatu ilikuwa yake. "Nyinyi nakata mti ya mtu kama nani?" alisema. "Hii iko na mwenyewe. Yote iko na mwenyewe!"

Injinia aliuliza ni nani aliyefuta rangi.

"Mimi! Na huyu, na huyu. Kila mtu nafuta yake. Ukienda kwa mbuzi ya mtu, unaweka alama yako, hiyo si wizi?"

Ndipo nilipoelewa. Ekal alikuja kutufafanulia zaidi baadaye. Kwa Waturkana kila ukoo una alama yake, emachar, inayochomwa kwenye ngozi ya mnyama, na mnyama akishapata alama mjadala umekwisha. Na ukingo wa mto, ambao sisi kwenye ramani tulikuwa tumeuandika "kichaka", umegawanywa kwa familia tangu zamani. Kila familia ina ekwar yake, yaani kipande chake cha ukingo pamoja na migunga iliyomo. Wakati wa kiangazi maganda ya mbegu huanguka kutoka kwenye miti hiyo, mbuzi huyala, na maziwa ya watoto hutoka hapo. Kwa hiyo watu walikuwa wameamka Jumamosi wakakuta mtu asiyejulikana amezipiga mali zao alama. Wakafanya anachofanya kila mwenye akili: wakaifuta. Na kwa kuifuta wakaitoa miti yao kwa tingatinga.

"Mama," Injinia alisema, na sauti yake ya kufokea mvua ilikuwa imeisha kabisa, "nilipaka ili isikatwe. Wenye rangi ndio tulikuwa tunaacha." Mtu mmoja akatafsiri. Mama Akiru alimtazama, akatazama kisu kilichokuwa mkononi mwake, kisha akacheka, kicheko kibaya cha mtu aliyeibiwa na mkono wake mwenyewe, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo. Alikwenda akaketi juu ya shina la mgunga ulioanguka. Injinia alivua kofia. Ilikuwa mara ya kwanza nione upara wake.

Kazi ikasimama. Wanawake walikaa ndani ya mtaro kwa zamu, na wala hatukuthubutu kuita askari, ingawa kutoka Nairobi tulishauriwa tufanye hivyo. Mwezi wa tatu uliingia, uchaguzi ukapita, na kila jioni Achol alinitumia ujumbe mfupi wa simu wenye neno moja: "Vipi?" Nilichukia. Nilimchukia dereva, nikaichukia rangi, na siku nyingine, kusema kweli, niliwachukia wale wanawake, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumwona Achol akiwa mwalimu, ubaoni, chaki mkononi. Mwishowe wakakubali kuongea, si mtaroni bali katika chumba chao cha mikutano karibu na daraja, chumba cha matofali mabichi chenye mabenchi na meza moja mbovu, ambamo walikuwa wakikutana kusuka vikapu na kuweka akiba. Walitupikia chai ya rangi yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Nikiwa nimeketi kando ya mlango niliwasikia wawili wakiongea Kiswahili, nadhani kwa makusudi ili nisikie. "Wakimbizi iko na shule, iko na hospitali, iko na chakula. Sasa hata waya inapita kwetu inafuata wao." Mwenzake akajibu, "Sisi tutakula kivuli yake."

Mama Akiru alingoja chai iishe. Kisha akamwuliza Injinia, Ekal akitafsiri yalipokuwa mazito: waya hii inapita kwangu, mimi nitachota nini ndani yake? Injinia angeweza kudanganya. Angesema maendeleo, angesema kaunti, angesema watoto wenu siku moja, maneno ambayo sote tulikuwa tumeyasikia kwenye mikutano mpaka yakatuota masikioni. Alisema, "Hakuna kitu. Inapita tu."

"Hakuna?"

"Hakuna, mama. Inatoka ofisi ya Lodwar, inatokea Kakuma. Katikati imefungwa."

Chumba kikachemka. Mama Akiru aliinua mkono wakatulia. "Mtu nakuja kuchimba kisima kwa laga yangu," alisema, akimaanisha ule mto mkavu ambamo huchimbwa visima vya mchangani. "Maji ikitoka, mbuzi ya nani nakunywa kwanza?" Ekal alijibu kabla ya kutafsiri, kama mtoto aliyeulizwa jina lake: "Ya mwenye laga." Basi, akasema Mama Akiru. Fungua waya hapa, kwa chumba hii. Weka mashine, watoto wetu wajue, sisi wenyewe tujue. Na siku ya kuwasha, hapa nawaka kwanza. Kakuma baadaye.

Ofisi yetu ilitengwa na stoo kwa ukuta wa mbao, na kesho yake niliketi stoo, naona aibu kidogo kusema, sikio ubaoni. Injinia alikuwa kwenye simu na Nairobi. "Hapana, mkubwa, si mapambo... Najua haiko kwenye mchoro, mchoro niliuchora mimi... Hizi pesa ni za umma, si ndiyo? Sasa hawa ni akina nani? Si ndio umma?" Kisha akafoka mpaka misumari ikatikisika: "Basi nitumieni mtu mwingine aje awaambie yeye!" Nikajua amefukuzwa kazi. Alitoka nje, akanikuta nimejikunyata kati ya mabunda ya kebo, akasema, "Toka hapo, Nekesa. Wamekubali. Chumba kimoja, kompyuta za akiba, na vifaa vinakuja kwa lori." Tulipiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza nani ameshinda kiti.

Wiki zilizofuata ndizo ninazozikumbuka ninapotaka kujikumbusha kwamba niliwahi kuwa kijana. Wenye miti walitutembeza wenyewe, wakatuonyesha pa kupita, na mtaro wetu ulionyooka kama rula ukaanza kupinda huku na huku, ukazunguka mizizi ya huyu, ukapitia mpakani kwa yule. Pale ambapo mti haukuepukika, mwenyewe alisema sawa, tukangoja maganda yaliyokuwa juu yaanguke na kuokotwa kwanza. Kwa ile mitatu ya Mama Akiru Injinia alileta mbuzi, akachinjwa, nyama ikachomwa kwa makaa ya hiyo hiyo migunga, na wazee wakaketi mahali pao na kugawana kwa utaratibu wao. Injinia akapewa kipande ambacho mimi sikuruhusiwa hata kukitazama sana. Wanawake wakachimba sehemu zilizopita kwenye ekwar zao, kwa majembe, kwa nyimbo, na nawaambia walikuwa wepesi kuliko vibarua wetu. Niliunganisha faiba mchana kutwa. Mwishoni mwa mwezi wa nne mwanga ukapita kutoka Lodwar hadi Kakuma bila kukatika mahali, na nikamtumia Achol neno moja: "Tayari!"

Lakini mvua ilinyesha upande wa Kitale. Lori lenye vifaa vya chumba cha kina mama likakwama njiani, laga imejaa, barabara imekatwa. Siku zikaenda. Usiku wa kuamkia mtihani wa Achol lori lilikuwa bado ng'ambo ya maji, chumba cha daraja hakina kitu ila waya ulioning'inia ukutani, na kwa mapatano Kakuma haikupaswa kuwaka.

Nilikuwa Kakuma tangu jana yake kutengeneza ncha ya huku. Asubuhi hiyo Achol alikuja na gauni lake la kanisani, amesuka nywele upya, penseli mbili mkononi ingawa mtihani ulikuwa wa kompyuta. Mama yake alikuja na chupa ya chai na Biblia. Mtihani ulikuwa saa nne. Nilimpigia Injinia simu, naye alikuwa Lodwar, mbele ya swichi.

"Washa, Injinia," nilimwambia. "Washa tu. Huyo mama atajuaje?"

"Atajua kwa sababu nitamwambia."

"Mwambie baadaye!"

"Nekesa, nikimwambia baadaye nitakuwa nimempaka rangi mara ya pili."

Nilimtukana. Kwa Kibukusu, ili asielewe, lakini nilimtukana. Alisema anakwenda kumwomba, nisikate simu. Nikaiweka simu kwenye dawati, sauti juu, na sote watatu tukakaa kuizunguka, mimi, Achol na mama yake. Tukasikia mlango wa gari. Tukasikia injini, daraja likinguruma chini ya magurudumu, mbuzi, sauti ya Ekal ikisalimu, "Ejok." Kisha sauti ya Injinia, taratibu. Alieleza yote: lori, maji, msichana, dishi lililokufa katikati ya swali, mara ya pili isiyo na ya tatu. Hakutia chumvi, na hakusema "tafadhali" zaidi ya mara moja. "Ukikataa sitawasha," alimalizia. "Tulipatana."

Ekal akatafsiri. Tulisikia sauti za wanawake zikipanda, zikigombana, na mojawapo ilikuwa kali kabisa. Mama Achol alikuwa ameshika mkono wangu, na sijui kama alijua ni wangu. Achol hakusogea. Saa ya ukutani ilikuwa imekaribia nne. Kisha akasikika Mama Akiru, maneno machache tu kwa Kiturkana, na Ekal alikawia kutafsiri mpaka nikapiga kelele kwenye simu, "Amesema nini?"

"Anasema," Ekal alisema, "mbuzi ya mgeni ikikuja kwa kisima inaanguka kwa kiu, mwenye kisima anashika yake. Anangoja. Anasema, wacha huyo msichana akunywe."

Taa ya kijani iliwaka Kakuma wakati Injinia alipofika ofisini kwake, na jinsi alivyoendesha lile gari sitaki kujua. Ukurasa wa chuo ulifunguka kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Tukamwacha Achol peke yake. Nje, mimi na mama yake tuliketi kwenye ngazi. Yeye aliomba kwa Kidinka, mimi nilitazama dirisha, nikitarajia kila dakika kusikia kilio. Alitoka jua likiwa kichwani. Alisimama mlangoni, mikono ikining'inia. "Nimemaliza," alisema. "Yote. Haikukatika hata mara moja." Majibu yalikuja baadaye, na leo anafundisha hisabati Juba, lakini kwetu siku hiyo hakuna aliyengoja majibu. Mama yake alipiga kigelegele kilichowatoa watu madukani, na mimi nikacheza ngoma ambayo sijui ni ya kabila gani.

Achol ndiye aliyenikumbusha. Aliniomba simu, akataka azungumze na yule mama, nikampigia Ekal aliyekuwa amebaki pale darajani. Hakujua Kiturkana ila salamu. "Ejok, mama," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Ejok nooi. Shukran. Asante. Mimi naitwa Achol."

Upande wa pili ikajibu sauti ile iliyonirudisha nyuma hatua siku ya tingatinga, safari hii kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila Ekal.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama."

"Vizuri. Sasa ondoka hapo. Ni zamu yetu."

Nikazima vyombo vya Kakuma mimi mwenyewe, mpaka chumba cha kina mama kiwake kwanza, nikafunga mlango, nikapanda gari kwenda Lodwar kungoja lori.